Kompyuta Nzito Pwani ya Kusini: Historia ya Ufundi Mmoja, Mtwara hadi Kilambo

Ufundi wa kutibu kompyuta nzito ulichelewa kufika pwani ya kusini ya Tanzania. Ulipofika, ulipita njia zilezile zilizopitisha bidhaa nyingine: barabara ya Dar es Salaam hadi Mtwara, kisha njia inayoshuka Kilambo, ambako kivuko huvusha watu na magari Mto Ruvuma kwenda Namoto, Msumbiji. Kati ya maradhi ambayo mafundi wa ukanda huo wamekutana nayo, moja limewafundisha kazi kuliko mengine. Programu ya kusimamia mafaili, ile inayofungua folda na kuonyesha kilichomo, huanza kula nguvu yote ya prosesa. Feni huvuma, folda hazifunguki, na mashine ambayo hakuna aliyeituma kazi hupata moto. Historia ya ugonjwa huo inaonyesha jinsi programu iliyowekwa kuorodhesha mafaili ilivyogeuzwa kuwa msomaji wa mafaili, na jinsi mafundi walivyoacha kufuta kila kitu wakaanza kutafuta chanzo.

Majalada na mpaka

Mpaka haukuwa Kilambo tangu mwanzo. Mwaka 1894 Wajerumani waliitwaa Kionga, kipande kidogo cha ardhi kusini mwa mlango wa Ruvuma, na kwa miaka ishirini na ushei kingo zote mbili za mto karibu na bahari zikawa chini ya utawala mmoja. Wareno waliiteka Kionga mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaiacha mikononi mwao. Tangu hapo mpaka unafuata mto hadi baharini, na kuvuka maji hayo kukawa jambo la kiserikali, lenye hati na mihuri.

Penye mpaka hapakosi karatasi. Kumbukumbu za utawala wa eneo hilo zilikaa katika masjala, kwanza kwenye boma la Mikindani lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, baadaye katika ofisi za Mtwara. Karani wa masjala alikuwa na rejesta ya namba. Ofisa alipohitaji jalada, karani alitazama namba, akaenda rafuni, akalileta. Hakuhitaji kulisoma. Programu za kwanza za kusimamia mafaili katika kompyuta zilifanya kazi kama karani huyo, na ndiyo sababu hazikuwa na ugonjwa unaozungumzwa hapa.

Kompyuta iliyopigwa marufuku

Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, iliyofungwa Wizara ya Fedha. Miaka iliyofuata kompyuta katika hesabu za serikali ilileta hasara na usumbufu, na mwaka 1974 serikali ikazuia kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Marufuku hayo yalilegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980 na kuondolewa miaka ya 1990. Kwa hiyo wakati kompyuta ndogo zilipokuwa zikienea duniani, kuanzia IBM PC ya 1981, fundi wa mikoa ya kusini alikuwa bado fundi wa redio, saa na mashine za kupiga chapa.

Kipindi hicho kilipita na vizazi viwili vya programu ambavyo watu wengi wa kusini hawakuviona. Katika DOS mtumiaji aliandika amri na kuletewa orodha ya majina. Mwaka 1986 ilitoka Norton Commander ya John Socha, yenye kurasa mbili za buluu zilizokaa ubavu kwa ubavu, ambayo ilirahisisha kunakili faili kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Windows 1.0 ya 1985 ilikuwa na MS-DOS Executive, na Windows 3.0 ya 1990 ikaleta File Manager, iliyoonyesha mti wa folda katika dirisha moja na mafaili katika dirisha lingine. Zote zilionyesha jina, ukubwa na tarehe. Habari hizo zimeandikwa tayari kwenye diski, mahali pake maalumu, na kuzisoma hakuhitaji kufungua faili lenyewe.

Explorer na mzigo wake

Mambo yalibadilika tarehe 24 Agosti 1995, Windows 95 ilipotoka na Windows Explorer. Programu moja, explorer.exe, ilipewa kazi tatu kwa mpigo: kuchora eneo la kazi lenye ikoni, kuendesha upau wa chini wenye kitufe cha Start, na kufungua madirisha ya folda. Kwa kuwa kazi hizo zilikaa ndani ya programu moja, folda moja ikigoma, upau na ikoni navyo huganda. Mtumiaji husema kompyuta nzima imekwama, kumbe kilichokwama ni Explorer peke yake.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Microsoft iliruhusu programu za watengenezaji wengine kujipachika ndani ya Explorer. Programu ya kubana mafaili iliweza kuongeza mistari yake kwenye menyu inayotokea mtu anapobofya kitufe cha kulia cha mausi. Antivirusi nayo ikaongeza yake, kisha programu ya muziki, kisha ya picha. Nyongeza hizi hufanya kazi ndani ya explorer.exe, kwa jina la explorer.exe. Moja ikiingia katika mzunguko usiokwisha, orodha ya programu zinazoendeshwa huonyesha Explorer ndiyo inayokula prosesa.

La tatu lilikuja na Windows 98 na kukomaa katika Windows XP ya Oktoba 2001. Explorer ilianza kuonyesha kijipicha cha kila picha, vipimo vya kila video na jina la msanii wa kila wimbo. Habari hizo hazimo kwenye orodha ya diski. Ili kuzipata, Explorer lazima ifungue faili na kusoma ndani. Folda ya picha mia tano ikawa na maana ya kufungua mafaili mia tano.

Njia ya kusini

Mtwara ilipokea mashine hizi katika mazingira magumu. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka Mto Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na masika yalipokuwa makali barabara ya kusini ilikatika. Mkoa ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukitegemea jenereta za dizeli. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982 karibu na mlango huohuo wa Ruvuma, ilianza kuzalisha umeme wa Mtwara robo karne baadaye, kufikia 2007. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na mkongo wa taifa ukaanza kusambazwa mikoani.

Kompyuta nyingi zilizofika zilikuwa za mtumba, zilizokwisha kutumika Ulaya au kupitia Dubai, zenye RAM ya megabaiti 128 au 256. Ziliwekwa kwenye steshenari, yaani maduka ya kuchapa barua, kutoa kopi na kuburni CD, na kwenye ofisi, shule na misheni. Umeme uliokatika ghafla uliharibu diski. Vumbi na hewa ya chumvi viliziba feni, na prosesa kama Pentium 4 zilipopata joto kali zilijipunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Prosesa iliyojipunguza kasi huonekana imejaa hata kwa kazi ndogo. Fundi aliyefungua kasha, akapuliza vumbi kwa blowa na kupaka upya grisi ya prosesa, aliponya mashine nyingi bila kugusa Windows.

Diski zilizochoka zilileta kisa kingine ambacho wachache walikitambua. Windows XP ilipokutana na makosa ya mara kwa mara katika kusoma diski za IDE, makosa sita yalitosha kuifanya ishushe njia ya mawasiliano ngazi moja, na mwisho diski ikaachwa kwenye ngazi ya zamani kabisa, ambayo prosesa yenyewe hubeba kila kipande cha data. Kunakili folda moja kukawa kazi ya kuishika prosesa nzima. Dawa ilikuwa kubadilisha waya wa diski, kuondoa chaneli ya IDE kwenye Device Manager, kisha kuwasha mashine upya ili Windows iitambue upya.

Maradhi mawili ya XP

Windows XP ilikuja na kasoro mbili za Explorer ambazo zimebaki mifano ya darasani. Ya kwanza ilihusu menyu ya kitufe cha kulia. Mtu alipobofya kulia juu ya faili au folda, prosesa iliruka hadi asilimia 100 na kubaki huko mpaka menyu ifungwe. Chanzo kilikuwa madoido ya menyu kujitokeza taratibu. Kuzima madoido hayo kwenye mipangilio ya mwonekano kulimaliza tatizo, na aliyetaka njia ya haraka alichagua faili kwanza kwa kitufe cha kushoto kabla ya kubofya kulia. Microsoft yenyewe ilikiri kasoro hiyo na kueleza njia hizo.

Kasoro ya pili ilihusu video za AVI. Explorer ilipoonyesha folda yenye faili la AVI lililokatika, kwa mfano filamu iliyonakiliwa nusu umeme ukakatika, ilijaribu kusoma urefu na vipimo vyake. Habari hizo hutegemea faharasa iliyo mwishoni mwa faili. Faharasa ilipokosekana, Explorer ilianza kulipekua faili zima, megabaiti mia saba, ili ijue jambo ambalo mtumiaji hakuuliza. Faili halikufutika wala kuhamishika, kwa sababu Explorer bado ilikuwa imelishika. Kwenye maduka yaliyouza filamu zilizotiwa sauti ya Kiswahili, ugonjwa huu haukuwa mgeni. Waliojua walifuta kwenye rejista ya Windows ufunguo unaoiagiza Explorer kusoma sifa za AVI, na folda zikafunguka mara moja.

Kasoro zote mbili zilikuwa na sura moja. Orodha ya mafaili yenyewe ilikuwa salama. Kilicholeta shida ni pambo au habari ya ziada iliyopachikwa juu yake.

Zama za flashi

Kati ya 2005 na 2011 flashi ilichukua nafasi ya disketi na CD, na ikawa njia kuu ya virusi. Kwenye steshenari, flashi za wateja wote zilipita katika mashine moja. Mwanafunzi alileta ripoti kuchapa. Flashi ilipochomekwa na ikoni yake kubofywa mara mbili, Windows ilisoma faili dogo liitwalo autorun.inf na kuendesha kilichoandikwa humo. Brontok, iliyotokea Indonesia mwaka 2005, ilijionyesha kwa ikoni ya folda ili ibofywe, na iliondoa Folder Options kwenye menyu ili mafaili yaliyofichwa yasionekane. Conficker ilifuata Novemba 2008 na kuenea duniani kote, kwa mitandao na kwa flashi.

Virusi vya aina hii viliifanya Explorer iwe nzito kwa njia mbili. Baadhi vilijipachika ndani yake. Vingine vilijiita jina lake, au jina linalofanana nalo, herufi moja ikiwa imeongezwa au kupunguzwa, ili vipite machoni. Kwa hivi vya pili mafundi walipata kipimo rahisi: explorer.exe ya kweli hukaa katika folda ya Windows yenyewe, C:\Windows. Inayojiita hivyo ikiwa ndani ya System32, au kwenye flashi, ni mwizi aliyevaa sare.

Kisa kilichozoeleka zaidi kilikuwa cha folda kugeuka shotikati. Mteja alifungua flashi yake akakuta folda zote zimekuwa na kishale kidogo pembeni, na zikibofywa hazionyeshi kitu. Wengi waliamini kazi yao imepotea, wakafomati flashi na kuipoteza kweli. Fundi mzoefu alifungua dirisha jeusi la amri, akaandika attrib -h -r -s /s /d pamoja na herufi ya flashi, akasubiri. Folda za asili, zilizokuwa zimefichwa tu, zilirudi moja moja. Kisha alifuta shotikati na faili lililozizalisha.

Windows 7 ya 2009 iliacha kuendesha autorun.inf kutoka kwenye flashi, na Februari 2011 Microsoft ilisambaza marekebisho hayohayo kwa XP na Vista. Kwenye mashine zilizokuwa na intaneti, janga lilipungua. Zile ambazo hazikuwahi kupata masasisho ziliendelea kuugua kwa miaka, kwa maana marekebisho husafiri kwa intaneti na virusi vilisafiri mfukoni.

Kutoka kupiga Windows hadi kupima

Dawa ya kwanza ya mafundi ilikuwa moja kwa kila ugonjwa: kupiga Windows, yaani kufuta diski na kuweka mfumo upya. Ilikuwa kazi ya saa chache yenye bei inayojulikana, na mashine ilirudi nyepesi. Hasara ilimwangukia mwenye mashine, aliyepoteza barua, picha na hesabu zake, na mara nyingi ugonjwa ulirudi baada ya siku chache, kwa sababu flashi yenye virusi au nyongeza mbovu ilirudishwa pamoja na programu nyingine.

Upimaji ulihitaji vifaa. Task Manager, iliyoingia Windows NT 4.0 mwaka 1996 na kufika kwa watumiaji wa kawaida kupitia XP, ilionyesha kila programu na asilimia ya prosesa inayotumia. Ilimwezesha fundi kuizima explorer.exe na kuianzisha upya bila kuzima kompyuta, na kujua hapohapo kama nzito ni Explorer au kingine kilichojificha nyuma yake. Process Explorer ya Mark Russinovich ilikwenda mbali zaidi kwa kuonyesha kilichomo ndani ya Explorer, uzi kwa uzi, yaani kila mkondo wa kazi unaoendeshwa ndani ya programu, pamoja na jina la nyongeza inayoushughulisha. Kampuni yake, Winternals, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2006, lakini programu hiyo iliendelea kutolewa bure. ShellExView ya Nir Sofer iliorodhesha nyongeza zote na kuruhusu kuzizima moja moja.

Hata namba yenyewe ilifundisha kitu. Kwenye mashine za kore moja, yaani kiini kimoja cha prosesa, uzi uliokwama ulionekana kama asilimia 100. Kore zilipoongezeka, uzi uleule ulionekana kama 50 kwenye kore mbili na 25 kwenye kore nne. Explorer inayosimama kwenye 25 bila kupanda wala kushuka, juu ya mashine ya kore nne, ni kore moja iliyoshikwa yote.

Lugha nayo ilikuwa sehemu ya ufundi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na Microsoft ikatoa kiolesura cha Kiswahili cha Windows. Mafundi wengi hata hivyo walibaki na menyu za Kiingereza walizojifunzia.

Kilambo

Kilambo kivuko hufuata maji. Karibu na mlango wa bahari, Ruvuma hupanda na kushuka pamoja na bahari, na mafungu ya mchanga huzuia kivuko maji yakipwa, kwa hiyo wasafiri husubiri maji kujaa. Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 huko Mtambaswala, juu sana ya mto, lilitoa njia nyingine kwa magari, na Kilambo ikabaki njia ya watu wa pwani. Machafuko yaliyoanza Cabo Delgado mwaka 2017, na shambulio la Palma la Machi 2021, yalivuruga safari hizo.

Mahali kama hapa kompyuta ni kifaa cha ofisi zaidi kuliko cha nyumbani. Forodha ya Tanzania ilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa TANCIS mwaka 2014, na kazi iliyokuwa ya jalada ikahamia kwenye skrini. Mashine ikiwa nzito, huduma husimama, na fundi yuko Mtwara mjini. Kompyuta inayotoka ng'ambo ya mto aghalabu huwa na Windows ya Kireno. Maneno ya menyu hubadilika, lakini Ctrl+Alt+Del ni ileile, na jina explorer.exe halina tafsiri. Fundi asiyejua Kireno anaweza kuipima kwa mahali vitu vilipo.

Kwa watu wengi wa ukanda huo, hata hivyo, kompyuta ya kwanza imekuwa simu, na ugonjwa umehamia humo. Android huwa na kazi inayopitia kadi ya kumbukumbu kutafuta picha, nyimbo na video. Ikikutana na faili lililokatika, huweza kurudia kulisoma, simu hupata moto na chaji huisha. Tiba inafanana na ile ya AVI: kutoa kadi ili kuona kama simu itapoa, kulitafuta faili bovu na kulifuta, au kuweka ndani ya folda faili tupu liitwalo .nomedia, linaloiambia simu isiipekue folda hiyo.

Utaratibu wa leo

Explorer ilibadilishwa jina kuwa File Explorer katika Windows 8 ya 2012, ikapewa Quick access katika Windows 10 ya 2015, na vichupo katika Windows 11 mwaka 2022. Diski za SSD zimeondoa sehemu kubwa ya kusubiri. Mzigo mpya umetoka kwenye hifadhi za mtandaoni kama OneDrive, zinazolinganisha folda muda wote, na zinazoyumba pale intaneti inapokuja na kukatika.

Utaratibu wa mafundi waliobobea sasa una mpangilio unaoeleweka. Kwanza Task Manager, kuhakikisha ni Explorer kweli na si jina la kuigiza. Pili, kuianzisha upya. Tatu, kuangalia kama uzito huja kwenye folda moja tu. Ikiwa ndivyo, vijipicha huzimwa na faili bovu hutafutwa. Nne, kufuta historia ya File Explorer na akiba ya vijipicha. Tano, kuwasha mashine katika Safe Mode, ambako nyongeza nyingi za nje hazipakiwi. Ikiwa nyepesi huko, nyongeza huzimwa moja moja mpaka mkosaji apatikane. Sita, kupima virusi, diski na joto. Kupiga Windows huja mwisho, baada ya mafaili ya mwenye mashine kunakiliwa mahali pengine.

Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 10 ikafikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine za mtumba zisizokidhi masharti ya Windows 11 hubakizwa kwenye mfumo wa zamani au huhamishiwa Linux. Huko Explorer haipo, ila kisa kipo: mafaili huonyeshwa na programu kama Nautilus, na programu saidizi za kutengeneza vijipicha na kuweka faharasa nazo huweza kuilemea prosesa zikikutana na faili bovu. Jina la programu hubadilika, lakini upimaji huanza na swali lilelile: inasoma nini, na nani aliyeiagiza kusoma.